Mpira wa Figo: Usiufunge

Mama mpenzi, sikiliza habari hii. Mama mmoja aliwekewa mpira mgongoni juu ya kutoa mkojo. Siku ya arusi ya ndugu yake aliona haya, akaufunga na uzi. Usiku homa ikamshika, akatetemeka sana. Alifunga nini? Hakufunga mpira tu, alifunga figo lake.

Sababu gani munganga anaweka mpira?

Mafigo yetu mawili yanasafisha damu na kufanya mkojo. Mkojo unashuka kwa njia nyembamba mpaka kwenye kibofu. Jiwe, ao kansa ya mlango wa uzazi, inaweza kuziba njia ile. Basi mkojo unarudi nyuma, figo linavimba. Likikaa hivi siku nyingi, linakufa. Mikrobi ikiingia humo, mgonjwa mwenyewe anaweza kufa upesi.

Munganga anachoma sindano ya ganzi, anapitisha mpira mwembamba mgongoni mpaka ndani ya figo. Mkojo unatoka kwa mfuko. Hapana kufikiri figo limetolewa. Liko, na linapumzika.

Nyumbani ufanye hivi

1. Nawa mikono na sabuni mbele ya kugusa mfuko, na kiisha kuugusa.
2. Mfuko ukae chini kuliko figo, lakini usiguse udongo. Uumwage mbele haujajaa.
3. Usibebe mtoto mgongoni, wala mzigo kwa kamba ya kichwa. Vinavuta mpira. Mtoto abebwe na dada yake.
4. Usikunje mpira, usiufunge. Ukiona haya, funika mfuko na kitenge.
5. Kunywa maji safi, isipokuwa munganga amekukataza.
6. Mpira unabadilishwa kila miezi michache. Usikose siku yako.

Rudi hospitali siku ile ile

Siku ya kwanza na ya pili mkojo unaweza kuwa mwekundu kidogo, usiogope. Lakini ukiona homa na kutetemeka, damu nyingi, maumivu makali mgongoni, ao mkojo umekoma, usingoje kesho. Mpira ukitoka, usiurudishe mwenyewe. Funika tundu na kitambaa safi, uje mbio, maana tundu linajifunga upesi.

Maulizo

Mfuko unakaa wapi? Sababu gani mtoto asibebwe mgongoni? Mpira ukitoka usiku, utafanya nini? Mama, uwafundishe majibu watu wa nyumba yako.