Pikipiki ya Theluji: Kuinunua, Kuitengeneza na Kuiendesha
Kijitabu kwa wasemaji wa Kiswahili walioko Minnesota

Mwezi wa Mei, theluji ikishayeyuka, barabara za kaskazini mwa Minnesota huwa na soko lake. Uani mwa watu utaona pikipiki za theluji zimekalishwa juu ya mbao, nyingine zimefunikwa turubai, na bei imeandikwa kwa wino mzito kwenye kipande cha boksi. Wengi wetu tulioko Brooklyn Park na vitongoji vya jirani tumeanza kuzitamani. Watoto wanaona wenzao wa shule wakipanda, kazini wenyeji wanasimulia Jumatatu walikokwenda Jumamosi, na mtu anajiambia: mimi nimeendesha bodaboda Eldoret miaka sita, hiki kitanishindaje?

Kuendesha hakutakushinda. Ziwa lililoganda ndilo linaloua watu, na mashine chakavu ndiyo inayomaliza pesa. Tumeandika kijitabu hiki kwa ajili ya hayo mawili, na mengine tutayagusa tukipita.

Mashine inayokula theluji

Mbele kuna skii mbili za kukatia kona. Nyuma kuna mnyororo mpana wa mpira wenye meno, unaozunguka kama wa katapila. Tutauita mnyororo, ili tusiuchanganye na beliti, ambayo iko ndani karibu na enjini. Gia za kubadilisha hakuna, wala klachi ya kubana kwa mkono. Kuna puli mbili na beliti kati yao: ukibonyeza moto kwa kidole gumba, puli ya kwanza inabana, beliti inapanda, mashine inaondoka. Aliyewahi kufungua skuta atautambua mfumo huu hata bila kuambiwa.

Ila lipo jambo ambalo fundi wa bodaboda hawezi kulikisia. Nyingi ya mashine hizi zinazopozwa kwa maji hazitegemei redieta yenye feni. Maji ya enjini hupita kwenye vibati vilivyofungwa juu ya mnyororo, na theluji inayorushwa na mnyororo ndiyo inayoyapoza. Theluji hiyo hiyo hulainisha reli za plastiki ambazo mnyororo huteleza juu yake. Ondoa theluji, umeondoa redieta na grisi kwa mpigo mmoja.

Mwenzetu mmoja, fundi hodari wa mashine za mashua huko Kilifi alikotoka, alinunua ya mtumba akashindwa kungoja Desemba. Akaizungusha kwenye maegesho ya magari pale wanapopanga, lami kavu, raundi tano au sita, watoto wanashangilia. Raundi ya mwisho likaja nuko la plastiki inayoungua. Walipoilaza ubavu, reli zilikuwa zimelika hadi chuma kinaonekana, na mnyororo umegandana nazo. Reli ni kipuri cha bei ndogo, na yeye mwenyewe alizibadilisha jioni mbili. Lakini tangu siku hiyo huulizwa katika kila harusi kama amepata theluji.

Barafu tupu ya ziwani, iliyopeperushwa theluji yote na upepo, ina madhara yale yale ya lami. Ukiona taa ya joto inawaka, toka pembeni uingie kwenye theluji laini.

Kukagua ya mtumba

Nunua wakati wa joto. Novemba kila mtu anaitaka, Mei mwenyewe anataka nafasi gerejini.

Fika enjini ikiwa baridi. Muuzaji akikuambia ameiwasha mapema "ili usisumbuke," mshukuru, kisha gusa enjini; ikiwa ya moto, omba kurudi kesho. Mashine ngonjwa huwaka vizuri ikishapata joto, na ugonjwa huonekana asubuhi.

Zilizo nyingi sokoni ni za enjini ya tu-stroki, ile inayochoma oili pamoja na petroli kama mashine za boti za pwani. Enjini hizi hazina siri nyingi. Chomoa plagi, funga geji ya kupimia msukumo, vuta kamba mara kadhaa huku moto umebonyezwa hadi mwisho, kisha pima silinda ya pili. Silinda mbili zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10, kuna ringi au pistoni iliyokwanguka, na bei ile ya kwenye boksi haina maana tena. Tazama na rangi ya plagi. Kahawia ya chai ya maziwa ni njema. Nyeupe kama chokaa inaonyesha enjini ilikuwa inapata petroli kidogo, na hiyo ndiyo njia kuu ya tu-stroki kuelekea kaburini.

Kisha inua mkia, zungusha mnyororo kwa mkono, na tega sikio. Magurudumu madogo ya ndani yakikwaruza, beringi zimekwisha. Hizo ni dola chache. Meno ya mpira yaliyong'oka mengi, au nyuzi zilizochungulia kwenye kingo, ni habari nyingine, kwa sababu mnyororo mpya unaweza kukaribia bei ya mashine nzima kuukuu. Shika skii moja uitikise: ikicheza, bushi zimelika. Fungua kifuniko cha beliti. Beliti yenye sehemu moja iliyolika kama imeng'atwa inakuambia mtu aliwahi kuvuta moto huku mnyororo umegandia chini.

Mwisho, tafuta namba ya fremu iliyogongwa kwenye bati la chini ya kiti, kwa kawaida upande wa kulia, ulinganishe na karatasi ya usajili. Namba iliyosuguliwa, ondoka. Usajili wa Minnesota hudumu miaka 3 na husimamiwa na Idara ya Maliasili ya jimbo, ambayo kila mtu huku huiita DNR.

Kuhusu aina: Polaris ilizaliwa mji wa Roseau, karibu na mpaka wa Kanada, kwa hiyo vipuri vyake vimejaa jimboni. Yamaha, ambayo wengi wetu tunaiamini kwa mazoea ya nyumbani, ilitangaza mwaka 2023 kwamba inaacha kutengeneza pikipiki za theluji. Mashine zake bado ni imara, lakini uliza vipuri kwanza.

Asubuhi ya baridi

Baridi ya huku si ya Limuru. Katika mji wa Tower, tarehe 2 Februari 1996, ilipimwa nyuzi 60 chini ya sifuri za Farenhaiti, yaani 51 chini ya sifuri za Selsiasi. Hatukutarajii utoke siku ya namna hiyo, lakini hata baridi ya kawaida ina adabu zake.

Kabla ya kuwasha, inua mkia na uudondoshe taratibu mara mbili tatu, na sukuma skii kushoto na kulia, ili kilichogandia kiachie. Vuta choki, vuta kamba. Ikishawaka iache ingurume dakika kadhaa, kisha endesha polepole mpaka ipate joto. Pistoni ni ya aluminiamu na hutanuka upesi kuliko silinda inayoizunguka; ukiipa moto wote ikiwa baridi, inabana na kukwanguka hapo hapo. Enjini nyingi hufa kwa haraka ya dakika tatu za kwanza.

Vifaa vya kubeba si vingi: beliti ya akiba, plagi, spana yake, tochi, kiberiti kwenye mfuko usiopenya maji. Funga kamba ya usalama kwenye koti lako, ili ukianguka enjini izimike badala ya mashine kukuacha ukaifuate kwa miguu.

Ziwa

Hapa soma polepole.

Aliyekulia Kisumu au Bagamoyo anajua maji na pengine anaogelea kuliko wenyeji wote wa hapa. Haimsaidii sana. Maji ya chini ya barafu yanapokupata, mwili huvuta pumzi kwa nguvu bila ruhusa yako, na kama kichwa kiko chini ya maji, pumzi hiyo ni ya maji. Waokoaji hufundisha hesabu ya 1, 10 na 1: dakika 1 ya kutuliza pumzi, kama dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inakutii, na kama saa 1 kabla ya kupoteza fahamu. Watu wengi hufa ndani ya ile dakika ya kwanza kwa kuhangaika.

DNR husema hakuna barafu iliyo salama kwa asilimia 100. Mwongozo wake kwa barafu mpya, ngumu na angavu ni huu: inchi 4 kwa mtu anayetembea, inchi 5 hadi 7 kwa pikipiki ya theluji. Barafu nyeupe, iliyochanganyika na theluji, hesabu mara mbili ya unene huo. Pima mwenyewe kwa keekee, toboa tena kila unaposogea mbele, maana ziwa moja linaweza kuwa na inchi 10 hapa na 3 pale mbele. Chini ya madaraja, kwenye midomo ya mito, kwenye mikono myembamba inayounganisha maziwa, penye chemchemi, na karibu na pampu zinazopuliza hewa majini, barafu huwa nyembamba majira yote. Theluji nzito juu ya barafu ni blanketi: huzuia baridi isishuke, na barafu inachelewa kukomaa. Mwezi wa Machi barafu inaweza kuwa nene na bado imeoza.

Usifuate alama za mnyororo wa mwenzako kama ushahidi. Hujui zilipita lini, wala hujui ziliishia wapi.

Vaa shingoni vipini viwili vyenye misumari, vinauzwa maduka ya uvuvi kwa bei ya chakula cha mchana. Ukizama, tuliza pumzi, geukia ulikotoka kwa sababu huko barafu ilikubeba, kita misumari, piga miguu nyuma kama unaogelea hadi tumbo lipande juu ya barafu. Usisimame. Biringika mpaka mbali. Nguo usizivue majini. Zimeshika hewa inayokusaidia kuelea. Kisha 911.

Sheria, kwa ufupi

Aliyezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1976 anatakiwa awe na cheti cha mafunzo ya usalama. Aliye chini ya miaka 18 lazima avae helmeti. Mtu mzima hajalazimishwa, lakini sisi tunamlazimisha. Mwendo wa juu ni maili 50 kwa saa, na usiku hata huo ni mwingi, maana taa haioni mbali kama breki zinavyohitaji. Usiku kando ya barabara kuu, endesha upande wa kulia ukielekea wanakoelekea magari, dereva asije akadhani taa yako ni ya gari lililopotea njia.

Pombe ina kifungu chake. Kiwango ni kile kile cha gari, 0.08, na tangu 2018 anayepatikana na hatia ya ulevi juu ya pikipiki ya theluji hupoteza na haki ya kuendesha gari. Kwa mtu anayepata riziki kwa Uber au lori, chupa mbili za kibanda cha wavuvi zinaweza kuondoka na kazi.

Yale makubwa

Ukifika Lake of the Woods utakuta wavuvi wakipelekwa ziwani kwa gari la ajabu, lenye umbo la mende, madirisha ya duara na tundu la kutokea paani. Ni Bombardier B12, la abiria 12, lililobuniwa miaka ya 1940. Joseph-Armand Bombardier alikuwa fundi wa gereji kijiji cha Valcourt, Quebec. Majira ya baridi ya 1934 mwanawe mdogo alifariki kwa sababu barabara zilizibwa na theluji na hapakuwa na chombo cha kumfikisha hospitali. Miaka mitatu baadaye alikuwa na hataza ya mnyororo na gurudumu lake la meno, na mwaka 1959 karakana yake ikatoa Ski-Doo, pikipiki ndogo iliyowafikia watu wa kawaida.

Katapila za theluji za zamani, kama za Thiokol ya Utah, kampuni iliyotengeneza pia roketi za kurushia vyombo vya anga vya Marekani, bado zinauzwa, na baadhi yetu wameziuliza kwa biashara ya kupeleka watalii. Nyingi ya hizo hukata kona kwa kupunguza mwendo wa mnyororo wa upande mmoja kupitia difu maalumu yenye breki ndani. Difu hiyo ikifa, vipuri ni vya kutafuta kwa tochi. Ushauri wetu: kama huna karakana yenye paa refu, trela zito na mwaka mzima wa subira, usinunue.

Kuihifadhi

Machi ikiisha, jaza tangi petroli iliyotiwa dawa ya kuizuia isiharibike, iache enjini ingurume kidogo ili dawa ifike kwenye kabureta, na nyunyizia oili ya kuhifadhi ndani ya silinda. Toa beliti. Pampu grisi kwenye chuchu zote mpaka ile chafu itoke. Kalisha mashine juu ya mbao, mnyororo usiguse ardhi. Ziba ekzosi na tundu la hewa kwa pamba ya chuma, kwa sababu panya wa huku hupenda kujenga humo, na enjini iliyowashwa ikavuta kiota haikulipi fidia.

Na uzibue kabla ya kuwasha Desemba. Funga karatasi nyekundu kwenye usukani ikukumbushe.

Cheti cha usalama kichukue hata kama ulizaliwa kabla ya 1977. Watu wazima wanaweza kusoma kwa intaneti, na ukikwama kwenye Kiingereza chake, njoo ofisini kwetu na kompyuta yako.