Mjomba Ataka Mashamba, Mimi Nataka Data

*Shangazi, nimemaliza shahada ya sheria na sasa naingia Kenya School of Law. Mjomba wangu ni wakili hapa Nairobi, kesi zake karibu zote ni za ardhi, na ameniahidi nafasi ya uanagenzi ofisini kwake. Lakini moyo wangu uko kwenye sheria na teknolojia ya kidijitali. Nataka kusoma uzamili, baadaye niwe mtafiti na mhadhiri. Mjomba anasema hayo ni mambo ya kupita, hakuna sheria ya kompyuta kama ambavyo hakuna sheria ya baiskeli. Yeye ndiye aliyenilipia karo tangu sekondari, sitaki kumvunjia heshima. Tena sijui kuandika programu hata mstari mmoja. Nifanye nini?*
*Binti wa Kizingitini, Nairobi*

Mwanangu,

Hoja ya mjomba wako si ya kupuuzwa. Jaji Frank Easterbrook wa Marekani aliitoa mwaka 1996 mbele ya wanasheria waliokutana Chicago, ila yeye alitaja farasi. Alisema kuna kesi za kuuziana farasi, za waliopigwa mateke, za leseni za mashindano, lakini anayetaka kuzielewa asome sheria ya mikataba, ya fidia na ya mali. Kwake, somo la sheria ya farasi halina maana, na la mtandao vilevile. Mwaka 1999 Profesa Lawrence Lessig akamjibu katika jarida la sheria la Harvard. Alikumbusha kwamba mtu haongozwi na sheria za bunge peke yake. Anaongozwa pia na mila, na soko, na jinsi mahali alipo palivyojengwa. Na mtandaoni ujenzi huo ni programu, kwa hiyo aliyeiandika ametuwekea masharti ambayo hakuna mbunge aliyeyapigia kura.

Wapime wote wawili kwa jambo unalolijua, mikopo ya simu. Mama ana mtoto mgonjwa usiku, anapakua programu ya mkopo. Inamwomba aruhusu isome majina na namba zote alizohifadhi. Akikataa, haisogei. Anabonyeza "Ruhusu", pesa zinaingia. Siku ya kulipa inampita, na kesho yake mwajiri wake anapigiwa, mama mkwe anapigiwa, fundi wake wa nguo anatumiwa ujumbe kwamba huyu ni mdaiwa sugu. Je, ile ilikuwa ridhaa? Easterbrook angesema hilo ni swali la mkataba, la zamani kabisa, na ni kweli. Lakini yule fundi hakuomba mkopo, hakubonyeza chochote, na namba yake imeshachukuliwa. Mkataba uko wapi hapo? Ni programu iliyoamua, kama alivyosema Lessig. Ndiyo sababu tukahitaji Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kisha kanuni za Benki Kuu za 2022 zilizowakataza wakopeshaji hao kuwapigia watu waliomo kwenye simu ya mdaiwa na kumwaibisha. Mimi nimewasikiliza akina mama waliopitia fedheha hiyo, na hakuna atakayenishawishi kwamba ni mambo ya kupita.

Kuhusu kuandika programu, usijitese. Katika kesi ya Huduma Namba, mpango wa serikali wa kusajili watu, walalamikaji, wakiwemo Nubian Rights Forum, walimleta mtaalamu wa usalama wa mitandao kutoka India aeleze hatari za kuweka taarifa za watu wote kwenye mfumo mmoja. Kazi ya wakili ni kuuelewa mfumo kiasi cha kujua amuulize nini shahidi kama huyo. Na waliofungua kesi walijua wanachokitetea: Wanubi wamehojiwa kwa miaka mingi kabla ya kupewa vitambulisho, na wewe wa Kizingitini sidhani unahitaji kuelezwa mahojiano hayo yakoje. Tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu wa Mahakama Kuu walikataza kukusanya DNA na vipimo vya GPS vya mahali mtu anapoishi, wakataka kanuni za kutosha ziwepo kabla mpango haujaendelea. Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah akabatilisha utoaji wa kadi za Huduma, kwa kuwa serikali haikutathmini kwanza athari zake kwa ulinzi wa data. Zisome hukumu zote mbili kabla hujaandika ombi la uzamili.

Sasa uanagenzi. Uchukue, na usiuchukue kwa kumridhisha mjomba tu. Ardhi yenyewe imeshaingia kwenye kompyuta! Mfumo wa Ardhisasa ulizinduliwa Aprili 2021, ukaanzia hapo hapo Nairobi, na majalada ya mjomba wako yanapita humo. Mzee asiye na simu janja akifunguliwa akaunti na mtoto wa jirani, idhini inayotolewa kwa akaunti hiyo ni ya nani? Jalada la karatasi likiwa na jina hili na kompyuta ikionyesha jingine, hakimu aamini lipi? Muulize mjomba kuhusu kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kile cha cheti cha kuthibitisha nakala zilizotoka kwenye kompyuta; nadhani ana mengi ya kukusimulia, na mazungumzo yenu yatabadilika.

Tasnifu yako usiipe jina pana kama "Teknolojia na Sheria Afrika", utapotea humo. Chukua swali moja, la mtu mmoja aliyeumizwa, ulifuate kutoka skrini ya simu hadi kwenye hukumu. Maamuzi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data yanachapishwa, na watafiti walioyachambua kwa makini bado ni wachache.

Mjomba mwambie ana kwa ana, si kwa ujumbe wa simu. Mwambie unakuja ofisini kwake, na kwamba ukimaliza utaomba uzamili. Na ukikutana na jalada linalokufaa kwa utafiti, usilinakili. Siri ni ya mteja. Mwombe mjomba akuombee ruhusa ya mteja kwa maandishi kwanza.