“Wenzangu wanaona mafunzo, mimi naona chumvi imemwagika”

Mama mshauri. Mimi ni mzaliwa wa Gitega, nimeolewa Muyinga. Msimu wa kahawa nafanya kibarua kwenye kituo cha kuoshea kahawa, msimu ukiisha nalima. Niko katika kikundi cha sala cha akina mama, tunakutana kila Alhamisi. Kiongozi wetu ameweka utaratibu kwamba kila mmoja aeleze jambo lililompata wiki hiyo na funzo alilopewa na Mungu. Wenzangu wanaongea vizuri. Mmoja alipata neno katika chumvi iliyomwagika jikoni, mwingine katika tairi la baiskeli lililopasuka akienda sokoni. Mimi sioni kitu. Naona chumvi imemwagika, basi.

Mwezi wa kumi na mbili tulimzika mtoto wetu wa miaka miwili. Ni malaria. Alhamisi moja dada mmoja aliniambia mbele ya wote kwamba Mungu alikuwa ananifundisha nisimpende mtoto kuliko Yeye. Tangu hapo zamu yangu ikifika nasema “nimebarikiwa”, nakaa. Je, mimi sina Roho? Na alichosema yule dada ni kweli?

Mama wa Muyinga

Binti yangu. Pole sana kwa msiba huo. Umeuliza maswali mawili, na lile zito umeliweka mwisho, kama tunavyofanya tukiogopa jibu. Nitaanza nalo.

Si kweli. Dada yule amesema jambo ambalo hakutumwa kulisema. Soma Injili zote nne, hutakuta Yesu akimwambia mzazi aliyefiwa kwamba mtoto amechukuliwa ili yeye apate somo. Mjane wa Naini alimwonea huruma, akaligusa jeneza. Nyumbani kwa Yairo aliwatoa nje wenye kelele, akaingia chumbani na baba na mama wa mtoto. Kaburini kwa Lazaro alilia. Wanafunzi walipomwonyesha mtu aliyezaliwa kipofu na kutaka kujua ni dhambi ya nani, yake au ya wazazi wake, aliwakatalia yote mawili.

Fungua pia Luka 13. Watu walimletea Yesu habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato, naye akaongeza habari za watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Alikanusha kwamba marehemu hao walikuwa wakosaji kuliko wengine. Kisha akawageukia wale waliokuwa wamesimama mbele yake, wazima wa afya, akawataka watubu wao. Onyo aliwapa wasimuliaji. Waliokufa na waliofiwa hakuwabebesha neno lolote.

Wewe wa Gitega unaijua Kibimba, pale kwenye barabara ya kwenda Bujumbura, penye misheni ya Kanisa la Marafiki iliyoanza mwaka 1934. Tarehe 21 Oktoba 1993, baada ya Rais Ndadaye kuuawa, wanafunzi wa sekondari ya Kibimba walichomwa moto katika kituo cha mafuta, na leo pana mnara wa ukumbusho wao. Nani atasimama mbele ya mnara ule na kuwaambia mama zao kwamba Mungu alikuwa anawafundisha kitu? Ulimi utakauka. Basi neno lisilosemeka Kibimba lisisemwe Muyinga kwa sababu tu msiba ni wa nyumba moja na mfiwa ni kibarua asiyejibu.

Mtoto wako aliuawa na malaria. Ni ugonjwa wenye mbu wake, mvua zake na mabonde yake, na mwaka 2017 serikali ya Burundi ilitangaza kwamba umekuwa mlipuko nchini. Kama kikundi chenu kinatafuta funzo, lipo hapo. Mpite nyumba kwa nyumba mtazame chandarua kipi kimetoboka, mkubaliane mtoto akichemka usiku ni nani ataamka na mama yake kumpeleka zahanati. Mtachoka, lakini mtakuwa mmesikia.

Mila zetu katika hili zina adabu kuliko kikao chenu. Mtu akifiwa, majirani hufika na kuni, na maji, na chochote kilichopo, hukaa. Mpaka siku ya kuganduka, yaani ya kumaliza matanga, hakuna anayemdai mfiwa maelezo wala shukrani. Rafiki zake Ayubu nao walianza vizuri, walikaa naye chini siku saba bila neno. Walipofungua kinywa kueleza maana ya mateso yake ndipo walipoharibu, na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, wale wenye maelezo. Ayubu aliyelia na kulalamika ndiye ambaye Mungu alisema atawaombea.

Sasa lile la chumvi.

Kuona kwamba chumvi imemwagika, na kusema hivyo bila kuongeza, si upungufu wa Roho. Ni ukweli, na ukweli ndio mwanzo wa funzo lolote linalofaa. Wengi wetu tunaanzia mwisho, tukiwa tayari na neno la kusema, kisha tunatafuta kitu cha kulitundikia. Ndiyo maana shuhuda za namna hiyo hufanana zote, iwe chumvi, tairi au kuku aliyepotea. Kitu chenyewe hakikutazamwa.

Nikupe mfano kutoka kazini kwako, unakojua zaidi yangu. Nimemsikia mhubiri akitumia kahawa. Alieleza kwamba matunda yakimiminwa majini, yaliyo mazito huzama na yaliyo mepesi huelea, na yale yanayoelea hutupwa, ndivyo Mungu atakavyowatupa Wakristo wepesi. Watu waliitikia amina kwa nguvu. Lakini wewe unajua yanayoelea hayatupwi. Hutengwa, hukaushwa peke yake, huuzwa kwa bei ya chini. Mengi yalichomwa na mdudu yakiwa bado mtini, au mti ulikosa chakula. Ukilitazama tunda hilo kwa subira hutapata habari za kutupwa. Utapata habari za mti ambao haukutandaziwa nyasi, na mkulima ambaye pengine hakuwa na faranga za mbolea. Mhubiri alikosea juu ya Mungu kwa sababu alikosea kwanza juu ya kahawa.

Kuna jambo la pili hapo kituoni ambalo sijachoka kulifikiria. Kahawa ya Burundi, kama ya jirani zetu wa Rwanda, ina ugonjwa wanaouita ladha ya kiazi. Mdudu wa antestia hutoboa tunda, na punje inayotokana nalo inaweza kuonekana nzuri tu. Ikipikwa, punje moja inatosha kukiharibu kikombe kizima kwa harufu ya kiazi kibichi. Ndiyo maana mnakalishwa kwenye zile meza za kivulini, kahawa ikiwa bado imelowa, mkichambua kwa vidole. Ikiwa imelowa kasoro huonekana kupitia ganda lake, ikikauka hujificha. Baadaye, mkiigeuza juani siku baada ya siku na kuifunika mvua ikitisha, mnachambua tena.

Mtu mwenye haraka atasema hapo: dhambi moja huharibu mtu mzima. Sawa, limesemwa mara nyingi. Mimi huvutwa zaidi na vidole vyenu na wakati mnaopewa. Kuna muda ambao kosa linaonekana na kuondoleka, kisha muda huo unapita. Nikilipeleka hilo nyumbani kwangu, naona ugomvi wa jana na jirani, ambao leo bado umelowa, unaonekana ulipo. Nikiuacha wiki tatu utakauka, tutasalimiana kama kawaida, nao utabaki ndani. Hilo limenituma kwa mtu fulani jioni moja kuomba radhi. Sidai kwamba Mungu aliumba antestia ili anieleze mimi jambo hilo. Nasema kwamba nilipoitazama kazi ya watu kwa makini, neno nililokwisha kulisikia kanisani lilipata mahali pa kushika.

Ndivyo Yesu mwenyewe alivyofundisha. Alizijua kazi. Alijua mpanzi hupoteza mbegu njiani, alijua wavuvi huketi ufukoni kuchagua samaki, alijua mwanamke huweka chachu katika pishi tatu za unga, na huo ni unga wa kulisha watu wengi. Amosi kabla yake alikuwa mchungaji na mtunza mikuyu. Alipokemea mizani za uongo alikuwa mtu wa kazi anayejua soko. Na tazama jinsi Yesu alivyoziacha hadithi zake nyingi bila ufafanuzi. Alisimulia, akanyamaza, watu wakaenda nazo nyumbani. Huyo ndiye Bwana tunayemfuata, nasi tunataka kila tukio liwe na tafsiri kabla ya saa kumi na moja ya Alhamisi.

Utaratibu wa kikundi chenu una asili njema, nisiudharau. Ukitoka Gitega kwenda Muyinga unapita Karuzi, na huko Buhiga Waanglikana walifungua misheni katika miaka ya 1930, wakati Uamsho uliowaka Gahini, Rwanda, ulipokuwa unavuka mpaka kuja kwetu. Watu wa Uamsho walisimama kila wiki wakashuhudia. Walichoshuhudia kwanza kilikuwa makosa yao wenyewe: niliiba jembe, nalirudisha, nilimchukia mke mwenzangu, leo nimemwomba msamaha. Ushuhuda ulimgharimu msemaji. Ukifika mahali ambapo unamgharimu aliyekaa pembeni, tena aliyefiwa, umeacha njia yake. Mimi hupima hivyo: funzo nililopata katika maisha yangu ni la kwangu, linidai mimi. Nikijikuta nimepata funzo la kumpa fulani katika msiba wake, nafunga mdomo.

Wakatoliki nao wana kumbukumbu ya kuwasaidia. Chini ya Rais Bagaza, ibada za siku za kazi zilizuiwa, na mwaka 1986 vikundi vidogo vya sala, sahwanya, vikapigwa marufuku. Hapakuwa na kikao cha kutolea ushuhuda. Zilibaki shamba, jiko na njia ya kisimani, na imani haikufa. Utawala ulipobadilika Septemba 1987 watu walirudi makanisani wakiwa bado wanajua kusali. Kwa hiyo usifikiri Mungu anakupima kwa maneno unayoyatoa kikundini.

Unataka kujua ufanye nini. Kila jioni, kabla hujalala, kaa kidogo kimya uipitishe siku yako tangu alfajiri. Ignasi wa Loyola alifundisha sala ya namna hii karne ya 16, na haihitaji kitabu wala kujua kusoma. Kumbuka nani alikusaidia kubeba, nani ulimjibu vibaya, kitu gani kilikupendeza macho. Shukuru kwa kimoja. Omba radhi kwa kimoja. Kesho yake, kama kuna mtu wa kumwendea, mwendee. Usitafute neno la kusema Alhamisi. Siku nyingine hutaona chochote, utalala, na Mungu hatakosa usingizi kwa hilo.

Siku utakapomkumbuka mtoto, usijilazimishe kumalizia kwa shukrani. Mwambie Mungu jina lake. Zaburi zimejaa watu waliouliza kwa nini na hadi lini, na Kanisa limezisali bila kuzirekebisha.

Kuhusu dada yule, usimjibu kikaoni. Mwendee na mama mmoja mtu mzima, ikiwezekana aliyewahi kuzika mtoto naye, mumweleze kwamba neno lake liliumiza. Huenda alisema kwa kutojua la kusema. Wengi hufanya hivyo kwa sababu kimya kinawatisha. Akiomba radhi, mpokee. Asipoomba, umefanya sehemu yako. Kiongozi naye aambiwe kwamba zamu isiwe ya lazima. Na wewe, badala ya lile “nimebarikiwa” usilolimaanisha, sema tu: leo sina funzo, nina majonzi, niombeeni. Huo ni ushuhuda kamili.

Kama miezi inapita na huli, hulali, au unaona afadhali usiwepo, usibaki na sala peke yake. Mwambie mume wako, nenda kituo cha afya, uwaeleze hivyo hivyo ulivyonieleza mimi.

Nanyi viongozi wa vikundi mnaosoma ukurasa huu, wa Gitega, wa Muyinga na kwingineko, nawaomba jambo moja. Alhamisi ijayo muulizeni kila mama nani katika mtaa wake amefiwa mwaka huu, mpange zamu ya kumtekea maji na kumpalilia maharage. Mkifika kwake, salimieni, fanyeni kazi, mkae naye.