KABURETA GANI IFAAYO LAND ROVER KUUKUU?

Kila mwaka kurasa hizi hujaa mashairi, mafumbo na methali, nasi hufurahi. Mwaka huu naomba niwapeleke karakana, maana Kiswahili kina kazi huko pia.

Sisi wa Sori tunayajua magari makuukuu. Land Rover za Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na zipo ambazo bado zinatembea kando ya ziwa. Barabara ikiwa kavu zinakula vumbi, na mvua ikinyesha zinaogelea kwenye udongo mweusi unaonata kama gundi. Gari la namna hii likizima njiani na makreti ya samaki mgongoni, barafu haingoji. Samaki wakioza, hasara ni ya yule mama aliyewanunua ufuoni alfajiri, na pengine pesa hizo ndizo zilikuwa karo ya mwenzetu darasani. Kwa hivyo swali la kabureta si mchezo.

Mafundi wetu wa jua kali hubishana sana. Mmoja husema, "Toa hiyo Zenith, weka Weber, utaniambia!" Mwingine husema, "Wacha ya kiwanda, itengeneze tu." Nani mkweli? Tufuatane polepole.

KABURETA HUFANYA NINI?

Waliosoma Fizikia kidato cha pili watakumbuka kanuni ya Bernoulli: kiowevu au hewa ikipita kwa kasi mahali pembamba, kanieneo yake hupungua. Kabureta imejengwa juu ya kanuni hiyo. Injini huvuta hewa. Hewa hupita kwenye koo jembamba na kuongeza mwendo, kanieneo hushuka, na petroli hufyonzwa kutoka kibakuli chake kupitia tundu dogo liitwalo jeti. Katika kibakuli kuna boya. Petroli ikijaa boya hupanda na kusukuma sindano ifunge njia. Petroli ikipungua boya hushuka na njia hufunguka. Chini ya koo kuna kipepeo, yaani kile kibati kinachofunguka dereva akikanyaga mafuta.

Mchanganyiko ni kama uji. Kilo 1 ya petroli huhitaji karibu kilo 15 za hewa ili iungue sawasawa. Petroli ikizidi uji ni mzito: moshi mweusi hutoka, plagi huwa na masizi, na mfuko wa mwenye gari hutoboka. Hewa ikizidi uji ni mwepesi: gari hukohoa, hukosa nguvu, na injini hupata joto kupita kiasi.

AINA TUNAZOKUTANA NAZO

Injini ya petroli tunayoizungumzia ina silinda nne na ujazo wa lita 2.25. Kabureta zake ni hizi:

1. Solex. Hii ilikuja na magari ya zamani zaidi, kabla ya miaka ya mwisho ya 1960. Ikiwa ingali nzima hakuna sababu ya kuitupa.

2. Zenith 36 IV. Hii ndiyo ya kiwandani kwa Series III. Mdomo wake, pale penye kipepeo, una kipenyo cha milimita 36. Huipa injini nguvu yake yote. Udhaifu wake unajulikana na mafundi wa nchi nyingi: sehemu ya juu ikipata joto miaka mingi, au ikikazwa skrubu kupita kiasi, huweza kupinda. Petroli basi hupenya mahali isipotakiwa, na gari likiwa limesimama injini hupanda na kushuka kama mtu mwenye homa.

3. Weber 34 ICH. Hii huwekwa badala ya Zenith. Ina vipande vichache na fundi huielewa upesi. Mdomo wake ni milimita 34. Kwa kuwa haikutengenezewa injini hii, huhitaji kipande cha kuunganishia.

4. Weber 32/34 yenye makoo mawili. Iliwekwa kwenye injini za lita 2.5 zilizofuata. Koo la pili hufunguka dereva akikanyaga sana. Wapenda mbio huitamani, lakini ikifunguka hunywa petroli.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Eneo la duara hufuata mraba wa kipenyo. Mraba wa 34 ni 1,156, na wa 36 ni 1,296. Gawanya, utapata takriban 0.89. Kwa hiyo mdomo wa Weber ni kama asilimia 89 ya ule wa Zenith. Hiki ni kipimo cha mdomo, si cha koo lenyewe, lakini kinatusaidia kuelewa kwa nini madereva husema gari lenye Weber hii hutumia mafuta kidogo na pia huchoka mapema mlimani likiwa na mzigo. Huwezi kunyimwa hewa ukapanda kilima kwa furaha!

TUSISAHAU MWINUKO

Hapa ndipo wengi huteleza. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Pwani ya Mombasa kanieneo ya hewa husimamisha zebaki sentimita 76. Huku kwetu ni kama sentimita 66. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya sehemu moja kwa kumi. Kabureta iliyopimwa kwa usawa wa bahari ikiletwa Sori hutoa uji mzito, kwa sababu petroli ni ile ile lakini hewa imepungua uzito.

Dawa yake ni kukagua jeti. Kwenye Weber, jeti yenye namba 130 ina tundu la milimita 1.30, na ya 125 ni milimita 1.25. Namba ikipungua, petroli hupungua. Fundi hushuka hatua moja, huendesha gari likiwa na mzigo, kisha hufungua plagi na kutazama rangi. Nyeusi ni nzito, nyeupe ni nyepesi, na kahawia kama chai ya maziwa ndiyo nzuri. Kutoboa jeti kwa waya ili ipanuke ni kuharibu: tundu likishapanuka halirudi.

TUCHAGUE VIPI?

Wahenga walisema kila mlango na ufunguo wake. Tuchukue mifano miwili.

Gari la kwanza hubeba samaki na barafu kutoka Sori hadi mjini Migori, mzigo mzito na vilima njiani. Hili libaki na Zenith, ila itengenezwe vizuri. Fundi aifungue, aweke sehemu ya juu kwenye kioo bapa na kutazama kama inacheza. Ikicheza, aweke msasa laini juu ya kioo na kuisugua taratibu hadi inyooke. Abadilishe pete ya mpira iliyo ndani na gasketi, kisha akaze skrubu kwa kiasi. Gharama ni ndogo kuliko kununua kabureta nyingine.

Gari la pili huzunguka karibu, Sori hadi Karungu, mzigo mwepesi, mwendo wa pole, na mwenyewe anatafuta kupunguza petroli. Zenith yake ikiwa imeliwa kabisa, Weber 34 inamfaa. Aangalie tu kile kipande cha kuunganishia kisivujishe hewa, na jeti zilingane na mwinuko wetu.

Ile ya makoo mawili sioni faida yake kwenye injini ya lita 2.25 inayotembea matopeni. Matope yanataka nguvu ya polepole, na huko koo la pili halina kazi.

Kwa maoni yangu basi, mafundi wote wawili wana ukweli nusu. Kosa ni kutaja jina la kabureta kabla ya kuuliza gari linafanya kazi gani. Tena jihadharini na nakala bandia za bei ya chini. Rahisi huwa ghali.

KABLA YA KUTOA PESA

Mara nyingi kabureta husingiziwa. Kagua kwanza kichujio cha hewa, maana vumbi letu hukiziba upesi. Kagua plagi, poenti, pampu ya petroli, na uchafu ndani ya tangi. Ukimaliza hayo na ugonjwa ubaki, ndipo uishike kabureta.

Usalama pia. Fanyeni kazi mahali penye hewa, waya wa betri uwe umetolewa, na sigara ikae mbali. Msifyonze petroli kwa mdomo, jamani. Ikiingia mapafuni inaua.

MASWALI YA KUJIPIMA

(a) Eleza kwa nini petroli hupanda kutoka kibakuli hadi kooni.
(b) Gari limetoka Mombasa na sasa linatoa moshi mweusi hapa Sori. Taja mambo mawili utakayokagua.
(c) Kwa nini kipande cha kuunganishia kinachovuja hewa hufanya injini ikohoe?
(d) Mjomba wako anasafirisha mawe ya ujenzi. Mshauri juu ya kabureta, ukitoa sababu.

Atakayejibu yote bila kutazama nyuma anaweza kusimama mbele ya fundi yeyote na kuuliza maswali ya maana, na mwenye gari asiibiwe mchana. Naweka kalamu chini. Nawatakia masomo mema.

Mwanachama, Kidato cha Tatu