Lithiamu kwenye gari la zamani

*Land Cruiser yangu ya 1996 nimeigeuza gari la kulala porini. Betri ya pili, ya maji, huisha usiku na friji inazima. Nataka ya lithiamu, lakini fundi anasema itaunguza alteneta. Ni kweli?*
*Msomaji, Arusha*

Hofu ya fundi wako ina msingi. Betri ya maji hupunguza kupokea umeme kadiri inavyojaa. Lithiamu huvuta kwa pupa karibu mpaka mwisho, na alteneta ya zamani hupata moto, hasa injini ikizunguka polepole gari likiwa limesimama. Rilei pekee ya kuunganisha betri haitoshi. Kati ya betri mbili weka chaja maalumu ya gari inayodhibiti umeme usizidi, tuseme, ampea 30, yenye mpangilio wa lithiamu. Fyuzi ikae karibu na kila betri, waya uwe mnene.

Ila pimisha kwanza betri uliyonayo. Huenda imechoka tu. Ikiwa nzima, kumbuka betri ya maji hudumu ukitumia nusu yake, lithiamu inavumilia asilimia 80. Hapo ndipo gharama inapojilipa.

Waya zikipata joto au ukinusa plastiki inayoungua, zima injini, mwite fundi umeme wa magari.