Paa wa Jirani: Kuchinja, Kuchuna na Kugawa Nyama ya Pori Nyumbani



Ndugu zangu wanafunzi, wengi wetu tunaosoma hapa Kindu tumepanga katika mitaa yenye majirani wa kila dini. Nyama ya ng'ombe ni ghali kwa mfuko wa mwanafunzi, na inayopita mlangoni ni nyama ya pori. Darsa za uchinjaji tulizosoma madrasa zilihusu zaidi mbuzi wa Idi. Sikumbuki hata moja iliyonifundisha la kufanya na paa anayeletwa akiwa ameshakufa. Naandika somo hili kwa sababu jambo hilo lilitufika sisi wenyewe.

Jumapili moja alasiri jirani yetu, mzee Mkristo tunayemwita Papa, alituletea mboloko, yule paa mdogo wa msituni ambaye uzito wake ni kama kilo nne au tano. Akasema, "Wanangu, shemeji yangu katoka porini, nikawakumbuka. Najua ninyi hamli mpaka shingo ikatwe, basi nimeshaikata."

Kweli shingo ilikuwa imekatwa. Tulikuwa sita nyumbani, mwisho wa mwezi, na wiki nzima tumekula wali kwa sombe isiyo na kitu ndani. Tulimshukuru sana, tukamtundika mnyama kwenye mwembe nyuma ya nyumba. Kuchuna nikapewa mimi, kwa kuwa nimekulia katika nyumba ya mchinjaji.

Nilianzia miguu ya nyuma, nikashusha ngozi kama mtu anavyovua shati. Nilipofika shingoni nikasimama. Chini ya ngozi palikuwa na mstari mwembamba uliozunguka shingo nzima, na nyama kando yake imevilia damu nyeusi. Juu kidogo ya mstari huo ndipo lilipokuwa jeraha la kisu, limepauka, bila alama ya damu kumwagika. Nilipogusa mshipa wa paja kwa ncha ya kisu, damu nzito ikachuruzika. Mnyama aliyechinjwa akiwa hai hana damu nyingi namna ile kwenye mishipa. Huyu alinyongwa na waya wa mtego. Kisu kilikuja baadaye.

Hapo mjadala ukaanza. Mwenzetu mmoja alitukumbusha hadithi ya Bibi Aisha (r.a.) iliyomo katika Sahih Bukhari: kuna watu walimweleza Mtume (s.a.w.) kwamba wanaletewa nyama na watu wapya katika Uislamu, nao hawajui kama lilitajwa jina la Allah wakati wa kuchinja. Mtume akawaelekeza wataje wao jina la Allah, kisha wale. "Kwa nini tujitie uzito?" akauliza. "Tupige bismillahi, tupike."

Hoja yake haikuwa ya kupuuzwa. Hadithi ile ni rehema kubwa kwetu tunaoishi na watu mchanganyiko, na asiyeijua hujikuta anahoji kila sahani anayowekewa, akawaudhi watu bure. Lakini inahusu jambo lisiloonekana, yaani kilichosemwa na mchinjaji wakati wewe hukuwepo. Sisi hatukuwa na shaka ya namna hiyo. Sababu ya kifo ilikuwa mbele ya macho yetu. Suratul Maida, aya ya 3, inataja waziwazi mnyama aliyekufa kwa kunyongwa, pamoja na aliyepigwa, aliyeanguka, aliyepigwa pembe na aliyeliwa na mnyama mkali, kisha inamtoa yule mtakayewahi kumchinja. Kuwahi maana yake ni kumkuta na uhai. Aya ya 5 ya sura hiyohiyo inatuhalalishia chakula cha Watu wa Kitabu, lakini mnyama aliyenyongwa hawi halali kwa sababu tu aliyemleta ni Mkristo. Hata angeletwa na Mwislamu hukumu ingekuwa ileile.

Tulimwita sheikh wa mtaa. Aliitazama alama ya waya, akauliza, "Alipofika kwenu alikuwa na joto?" Tukamjibu kwamba alikuwa ameshakakamaa. Akasema, "Huyu ni mzoga, wanangu." Kisha akatusomea maana ya hadithi ya Adiyy bin Hatim (r.a.), sahaba aliyekuwa mwindaji na aliyemuuliza Mtume maswali mengi ya uwindaji. Mshale unaomkuta mnyama kwa makali yake na kumtoboa, huliwa alichoua. Unaompiga kwa ubavu wake na kumuua kwa uzito, hicho ni kama kilichopigwa kwa gongo. Na ukimkuta mnyama wako amezama majini, usile, kwa kuwa hujui kama aliuawa na mshale au na maji. Kwa msingi huo wanazuoni wengi wa zama zetu huiweka risasi pamoja na mshale unaotoboa, maadamu mwindaji ametaja jina la Allah anapofyatua, na akimkuta mnyama angali na uhai wa kutosha amchinje. Waya wa mtego hautoboi wala hautoi damu. (Mawindo ya Mkristo yana maneno yake: wanazuoni wengi wameyaruhusu, Imam Malik akayakataa. Hilo ni somo la siku nyingine.)

Hukumu ikawa imeeleweka. Kilichotuumiza kichwa ni Papa mwenyewe. Mzee ametukumbuka, amejitahidi hata kukata shingo kwa ajili yetu, leo tumrudishie zawadi yake? Mmoja akapendekeza tumzike mnyama usiku, asubuhi tumwambie nyama ilikuwa tamu. Sheikh akatikisa kichwa. Akatusimulia kisa cha Sa'b bin Jaththama (r.a.), kilichomo katika Bukhari na Muslim: alimpelekea Mtume (s.a.w.) zawadi ya punda mwitu wakati Mtume yumo katika ihramu, Mtume akairudisha. Alipoona uso wa Sa'b umebadilika, akamweleza kwamba hakumrudishia ila kwa sababu wako katika ihramu. Mtume hakumwacha aondoke akidhani amedharauliwa.

Basi mimi na sheikh tukaenda kwa Papa. Nilimwonyesha mstari wa waya, nikamweleza. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Kwa hiyo kisu changu hakikusaidia kitu?" Nikamwambia, "Kisu husaidia mnyama akiwa mzima, Papa." Mkewe akatazama pembeni. Sitaficha kwamba ilikuwa aibu. Kisha mzee akasema, "Waya wa shemeji mara nyingi hukamata mguu. Nitamwambia huyo wa mguu amlete mzima." Tulimrudishia mnyama wake bila kudai chochote badala yake, kwani kuuza mzoga kumekatazwa katika hadithi ya Jabir (r.a.) ya mwaka wa kufunguliwa Makka. Tuliporudi nyumbani tukaosha kwa maji kisu, beseni na mikono mpaka athari yote ikaondoka, maana mzoga ni najisi. Usiku tukala sombe.

Zilipita kama wiki tatu. Papa akaja na mboloko aliyefungwa kamba, mguu umevimba lakini macho yanang'aa. Nitaeleza tulivyofanya, kwa faida ya asiyewahi kushika kisu.

Kisu nilikinoa ndani ya nyumba, mnyama asikione. Mtume (s.a.w.) ameamrisha wema katika kila kitu, na ametaja kuchinja kwa jina lake: kisu kiwe kikali na mnyama apumzishwe. Tulimlaza ubavu wa kushoto, tukamwelekeza kibla, nikasema Bismillahi Allahu Akbar, nikakata koromeo, umio na mishipa miwili ya damu kwa mkupuo mmoja bila kutenganisha kichwa. Katika madhehebu ya Imam Shafi, koromeo na umio ndiyo lazima, na mishipa ni ukamilifu. Kisha tukangoja mpaka akatulia kabisa. Haraka ya kuchuna mnyama angali anatapatapa ni ukatili.

Toboa kati ya kano na mfupa wa mguu wa nyuma, pitisha kijiti, mtundike kichwa chini. Kata ngozi kuzunguka miguu, ipasue kwa ndani ya mapaja, kisha weka kisu chini na utumie ngumi kuisukuma kutoka kwenye nyama. Kisu kikitumika sana ngozi hutoboka na manyoya hushika nyama. Mkono uliogusa manyoya usiguse nyama kabla ya kuoshwa.

Tumbo ndilo linalotaka utulivu. Funga utumbo wa haja kwa uzi, toboa tundu dogo, ingiza vidole viwili vilinde ncha ya kisu, ushuke taratibu. Nyongo, ikiwepo, iko kwenye ini. Ikipasuka utajua kwa ulimi. Kibofu kishikwe kwa juu na kutolewa kizima. Litazame ini: likiwa na madoa, minyoo au harufu mbaya, usimle mnyama huyo. Mkono wa mbele haukushikana na mwili kwa mfupa, kwa hiyo bega hutoka kwa kisu kitupu. Paja utalitoa kwenye kiungo cha nyonga, na uti wa mgongo kwa panga. Damu iliyomwagika ni haramu, kama ilivyo katika Suratul An'am aya ya 145. Wekundu unaobaki ndani ya nyama umesamehewa, hakuna haja ya kuiloweka mpaka ipauke. Kwa joto la hapa, isiyopikwa siku hiyo ikaushwe kwa moshi.

Mwenye kidonda mkononi asishike kazi hii. Tangu Ebola ilipojulikana Yambuku mwaka 1976, nchi yetu inajua gharama yake, na imewahi kuthibitika kwamba mizoga ya sokwe na ya paa wa jamii ya mboloko ilibeba ugonjwa huo. Mnyama aliyekutwa amekufa msituni usimguse kabisa. Na okapi, hata akiletwa mzima, sheria ya nchi imekataza kumwinda.

Anas (r.a.) amesimulia kwamba walimkamata sungura, Abu Talha akamchinja, akampelekea Mtume mapaja yake, naye akayapokea. Nasi tulimpelekea Papa paja la nyuma. Alilipokea, akacheka, akauliza kama anaweza kupata na ngozi kwa ngoma ya mjukuu wake. Ngozi ya aliyechinjwa ni safi, na hata ile ya mara ya kwanza ingetwaharika kwa kudibaghiwa, kama ilivyokuja katika hadithi ya kondoo wa Maimuna (r.a.). Tukampa.

Wallahu aalam.