Anemoni wa bahari ya baridi: fuga maji kwanza, mnyama baadaye



Wiki iliyopita alinijia kijana mmoja anayefuga sato. Ameuza mbuzi wanne, hela iko mfukoni. Akaniambia, "Kaka afisa, nimeona video ya anemoni wekundu wa Ulaya. Wanasema ni wa maji baridi. Si naweza kuwaweka kwenye tangi hapa nyumbani, nikawauzia mahoteli?" Nikamwambia subiri kwanza. Mnyama huyo nimewahi kukaa naye, na mmoja nilimuua kwa mkono wangu.

Ni mnyama gani huyu?

Anemoni ni mnyama wa baharini, sio mmea, ingawa anafanana na ua. Hujishikiza kwenye mwamba, na juu ana mikono laini yenye sumu ya kunasia chakula. Huyu mwekundu kitaalamu anaitwa Actinia equina. Anaishi kwenye miamba ya pwani kama ile ya Uingereza, na maji yakipwa hujikunja kama donge la jeli.

Sasa hapo kwenye "maji baridi" kijana alichanganya. Sisi tukisema maji baridi tunamaanisha pia maji yasiyo na chumvi, kama ya mtoni. Anemoni anataka maji ya chumvi yenye ubaridi. Ukimtia kwenye bwawa la sato, anakufa.

Mambo ya kuzingatia

Nilimjua nikiwa masomoni Scotland, nimepanga chumba kwa mama mmoja mtu mzima aliyekuwa na tangi la kioo sebuleni. Aliyonifundisha ni haya:

1. *Ubaridi.* Lenga nyuzi 10 hadi 16 za Sentigredi. Sebule ya yule mama ilikuwa ya baridi yenyewe. Pwani yetu bahari huwa nyuzi 25 na zaidi, kwa hiyo hapa utahitaji mashine ya kupoza maji usiku na mchana. Umeme ukikatika, joto linapanda na oksijeni inapungua.

2. *Chumvi.* Ni kama gramu 35 kwa lita. Maji yakipungua kwa mvuke, chumvi inabaki. Basi ongezea maji yasiyo na chumvi, usiongeze ya bahari.

3. *Bakteria.* Hapa mfugaji wa sato anajua. Uchafu hutoa amonia, bakteria huigeuza kuwa nitriti, halafu nitrati. Tangi jipya liache lizunguke wiki kadhaa kabla ya kuweka mnyama. Kwenye ubaridi bakteria hukua polepole, kwa hiyo haraka haraka haina baraka.

4. *Chakula.* Kipande cha kome au kamba, kikubwa kama punje ya mahindi, mara moja au mbili kwa wiki. Akikitema, kitoe.

5. *Majirani.* Hawa wekundu hupigana wakisogeleana, wana vishanga vya buluu vyenye sumu. Na dawa ya samaki yenye shaba usiitie humo, inawaua.

Kosa langu

Yule mama alisafiri siku nne, akaniachia tangi. Nikamwonea huruma anemoni, nikampa kamba mzima, kesho yake nikampa mwingine. Alivyovitema sikuviona, vilikuwa nyuma ya jiwe. Siku ya tatu maji yalikuwa meupe kama yaliyooshewa mchele, na mnyama amelegea, ananuka. Mama aliporudi hakunigombeza. Alisema tu, "Ulimlisha yeye, ukasahau maji."

Kisha akanisimulia kisa kinachojulikana sana kwao. Mwaka 1828, Sir John Graham Dalyell alimchukua anemoni wa aina hiyo hiyo North Berwick, akamweka kwenye chupa ya kioo. Hakukuwa na pampu wala umeme. Kulikuwa na hali ya hewa ya baridi, maji ya bahari yaliyobadilishwa, na vipande vidogo vya kome. Wakampa jina la Granny, yaani Bibi. Dalyell alifariki mwaka 1851, watunzaji wengine wakampokea. Bibi alizaa watoto mamia, akafa mwaka 1887. Hesabu mwenyewe: miaka 59 ndani ya chupa!

Turudi kwa kijana wetu

Bibi hakugharimu kitu kwa sababu ubaridi ulikuwa wa bure. Hapa kwetu ubaridi unanunuliwa. Nikampa karatasi aandike mwenyewe: bei ya mashine, yuniti za umeme kwa mwezi, jenereta, chumvi, vibali vya kuingiza mnyama hai, na hoteli ipi imeahidi kununua kwa maandishi. Mstari wa hoteli ulibaki mtupu. Mstari wa umeme ulimfanya aweke kalamu chini.

Hela ya mbuzi amenunulia pampu ya hewa ya bwawa lake, maana sato wake wamekuwa wakihema juu ya maji alfajiri.

Wewe uliye ughaibuni kwenye baridi, ukitaka kumfuga kwa kujifurahisha, fuga. Anza na mmoja, na ukimchoka usimtupe baharini, mpe mfugaji mwingine. Uliye hapa nyumbani, kabla hujamnunua mnyama yeyote wa majini, jiulize: maji anayoyataka ninaweza kuyalipia kila mwezi, hata mwezi usio na mauzo?

Tukutane somo lijalo.